Breki za Gari Jeupe

"Lete funguo," fundi alisema, na kabla mwanamume wa nyumba ile hajajibu, alikuwa ameshampokonya. "Leo gari hili haliendi popote."

Mwanamume akarudi ndani, akashusha pazia.

Fundi alivaa ovaroli juu ya gauni lake jeusi, akaziweka chini diski mbili mpya za breki na pedi zake, akaanza kulegeza nati za tairi la mbele. Mdogo wake, aliyemfuata mbio kutoka nyumbani kwa baba yao, alisimama nje ya geti akitweta.

"Dada, una wazimu? Toka humo!"

"Ingia unishikie jeki."

"Humo sikanyagi. Yaani unamfanyia kazi mtu yule! Baba akisikia?"

"Akisikia, amesikia."

"Na watu watasemaje?"

"Watasema mpaka mate yawakauke."

Majirani walishaanza kujipanga ukutani. Hakuwatazama. Alipiga jeki, akavua tairi, akachomoa pedi. Zilikuwa zimelika hadi chuma, na diski imechimbika mifereji. Pedi moja aliishika mkononi kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Si alipeleke gereji?" mdogo wake alipaza sauti.

"Gereji walibadilisha boneti, wakapiga rangi, wakasema limepona. Wameosha uso tu."

Akaifuta diski mpya mafuta, akaipachika, akarudisha pistoni ndani, akaingiza pedi. Upande wa pili vivyo hivyo. Kidole kilichubuka, akakifuta kwenye ovaroli na kuendelea. Aliporudisha matairi, kila nati aliikaza kama anayeikomoa.

"Wewe!" aliita kuelekea dirishani. "Njoo ukanyage breki."

Mwanamume alitoka pekupeku, akaketi nyuma ya usukani. Pedali ilizama hadi chini.

"Tena."

Ikazama.

"Tena! Kanyaga kama mtu anayetaka kusimama."

Mara ya tano pedali ikawa ngumu. Fundi akaingia, akaketi kando yake.

"Endesha."

Walitoka getini polepole, mdogo wake akiruka kando na kugeuza uso. Walipofika katikati ya mtaa, fundi alipiga dashibodi kwa kiganja.

"Simama!"

Gari liliganda pale pale.

Wakarudia mara tatu, mara nne, majirani wakitazama midomo wazi, mpaka fundi akaridhika. Wakarudi uani. Akakusanya spana zake moja moja, akavua ovaroli, akamrudishia funguo.

Mwanamume alizipokea kwa mikono miwili. "Mama, mimi sistahili..."

"Hata mimi sikuja kwa ajili yako. Kesho asubuhi utapita tena pale mbele ya shule. Mwanangu ulimgonga, amekwenda. Wenzake wa darasani bado wanavuka."