Hodi Katika Pango la Tisa

Sheria ilitaka kila pango linalobuniwa na mashine lipitiwe na binadamu, chumba kwa chumba, kabla mchezo wa kompyuta haujauzwa. Kwa miaka kumi na mmoja Mwanakheri alivaa miwani ya kuingilia michezoni na kuyapitia. Mapango hayakufanana hata siku moja. Uchovu ndio uliokuwa ule ule. Wakaguzi walikuwa na mazoea yao: kabla ya kusukuma mlango walipiga hodi, ingawa ndani hamkuwa na mwenyeji ila dubwana la kuuawa.

Leo, katika pango la tisa tangu asubuhi, dubwana liliitikia kwa sauti ya Saumu, bintiye.

"Karibu, mama."

"Miwani mnarudi nayo nyumbani, inasikia sauti za huko na kuipa mashine," msimamizi alimwambia sikioni, akipiga miayo. "Maliza tu, dada, tufunge kazi."

Akamaliza. Alichomoa upanga kiunoni, ukazama mara tatu.

Jioni alifika nyumbani macho yakimuwasha, akaenda kumwita Saumu ili wale chakula. Mlangoni pa chumba chake akapiga hodi.

"Karibu, mama."

Mkono wa kushoto ulishika kitasa. Wa kulia, bila yeye kuutuma, ulikuwa ukipapasa kiunoni.