Vifaranga wa Karakana

Bi Kibibi aliingia karakanani na ndoo. Kuku wake alikuwa bado ameyalalia mayai ndani ya beseni bovu, karibu na pale Mshamu alipokuwa akigonga bati tangu asubuhi.

"Shemeji, nimekuja kuyatupa," alipaza sauti. "Siku zake zimefika na hakuna hata moja lililopasuka. Nyundo yako imeyafanya viza. Na mwanangu anahamia kwa mumewe kesho, nilitaka aondoke na kuku na vifaranga wake."

"Kuku wako ndiye aliyekuja kutagia kwangu. Mimi sikumwalika."

"Haya, nyamazisha hiyo nyundo niyatoe."

Mshamu akaiweka chini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, karakana ikawa kimya. Bi Kibibi akachukua yai moja, akalisogeza sikioni alitikise.

Yai lilikuwa linalia.

Mengine yakaitikia chini ya tumbo la kuku, pii, pii. Mshamu akagonga bati mara moja. Kimya. Akangoja. Vifaranga wakaanza tena, kwa fujo kuliko mwanzo.

"Wanakuogopa!" Bi Kibibi alicheka mpaka machozi.

"Waniogope wapi! Hao wananijua. Huko waendako nani atawagongea?"

"Nitampa mwanangu sufuria na mwiko."

Yai likapata ufa mkononi mwake. Mshamu alikuwa ameinua nyundo. Akaishikilia hewani, wote wawili wakiukodolea macho ule ufa.