Jiji la Shaba Limeahirishwa

"TANGAZO KUU! Kwa heshima na taadhima, Huduma ya Mnara inawajulisha wateja wake watukufu kwamba mchezo uliosubiriwa na mataifa yote, Jiji la Shaba, Sehemu ya Tatu, hautatoka leo Jumatatu kama ilivyoahidiwa. Utatoka Jumatano. Sababu: rangi ya majengo haijakauka."

Dada aliusoma ujumbe huo mara mbili, mswaki ukiwa mdomoni, kisha akameza povu lote.

"Rangi haijakauka?" alifoka. "Jiji la kwenye televisheni?"

"Pole sana, Dada," mdogo wake alisema kutoka kwenye kochi, kwa sauti ya mtu aliye msibani. Alikuwa nyumbani kwa likizo ya shule ya bweni. "Wakubwa ndivyo walivyo."

Dada alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Alikuwa amepewa siku saba za kupumzika, Jumatatu hadi Jumapili, za kwanza baada ya mwaka mzima wa zamu, naye alizipanga makusudi ziangukie kwenye mchezo huo. Sehemu mbili za mwanzo alizicheza kupitia Uwanja, huduma ya michezo ya video ambayo nyumba yao ilikuwa ikilipia kila mwezi. Lakini Mnara, washindani wa Uwanja, walikuwa wameinunua sehemu ya tatu. Ingetoka kwao kwanza. Wateja wa Uwanja wangoje siku tisini. Siku tisini! Wakati huo angekuwa wodini, akiwabembeleza watoto wa watu wameze dawa.

Kwa hiyo mpango ulikuwa mmoja. Siku mchezo utakapotoka, Dada angejitoa Uwanja na kujiunga na Mnara. Huduma mbili kwa mpigo Bibi alikuwa amezikataa katakata.

"Ukijitoa Uwanja, michezo yao yote inafungwa humu ndani," mdogo wake alimkumbusha. "Hata mpira." Jumamosi alikuwa na fainali ya ligi ya bweni lao, kila mmoja akichezea kwao.

"Utacheza karata na Bibi."

Halafu kulikuwa na kiapo. Dada alikuwa ameapa kwamba hatafungua mtandao wowote mpaka aumalize mchezo, asije mpuuzi mmoja akamsimulia mwisho wake, kama alivyofanyiwa kwenye sehemu ya pili. Habari zote angezipata kwa ujumbe wa simu kutoka Mnara. Mdogo wake ndiye aliyemwandikisha, ili Dada asichungulie hata ukurasa wao.

Jumatano ikafika. "Kwa masikitiko makubwa, mchezo umesogezwa hadi Ijumaa. Sababu: adui mkuu wa jiji ana mafua. Wateja wanaombwa wawe watulivu na waepuke makundi."

"Makundi?" Dada aliuliza hewani. "Niko peke yangu, nimevaa soksi!"

Aliandika jibu kwa vidole viwili, kama mtu anayeponda viroboto: *Mna wazimu nyie?* Mdogo wake alikuwa ameenda msalani, kwa hiyo hakukuwa na wa kumtuliza. Baada ya dakika moja Mnara wakajibu: "Malalamiko yako yamepokelewa. Lugha chafu haivumiliwi."

"Kuna aliyeiona simu yangu ya vitufe?" Bibi aliuliza, akifunua vifuniko vya masufuria. "Ile ya zamani, inayowika kama jogoo."

Dada alikuwa akiupiga mto ngumi.

Ijumaa asubuhi alikaa mbele ya televisheni, rimoti mapajani, amechana nywele kama mtu anayengoja wageni. Simu ikatetemeka. "Mchezo utatoka Jumapili, mara baada ya kengele ya pili. Asanteni kwa utiifu wenu."

"Kengele ya pili ya wapi?"

"Labda ya makao makuu yao," mdogo wake alisema bila kuinua macho.

Dada hakupiga kelele safari hii. Hilo ndilo lililotisha. Alichomoa sare yake ya kazi kabatini, akaanza kuipiga pasi siku tatu kabla ya wakati, akiikandamiza kana kwamba ndiyo iliyoahirisha mchezo.

"Mwaka mzima," alisema taratibu. "Watoto wananitapikia, nasema si kitu, kuna wiki moja ni yangu. Moja tu! Sasa nimebakiwa na Jumapili, na Jumatatu alfajiri niko kazini."

Mdogo wake akarudi kwenye mazoezi yake ya mpira.

Jumamosi alasiri fainali ilianza. Kochi lote lilikuwa limetekwa. Vidole vilikimbia, jasho lilitiririka. Kiranja wa bweni, mpinzani wa upande wa pili, alikuwa ameshafungwa mawili na kurudisha moja. Dada akasimama katikati ya sebule, simu mkononi.

"Leo siandiki," alisema. "Leo nawapigia. Mtu mwenye mdomo anieleze kengele ni nini."

"Dada, ngoja! Dakika tatu tu!"

"Nimengoja siku sita."

Akabonyeza namba ya Mnara, akaweka simu sikioni.

Jogoo akawika.

Akawika tena, kwa nguvu, kutoka chini ya mto wa kochi. Bibi akachomoza kutoka jikoni, mwiko mkononi. Dada akaishusha simu yake polepole, akautazama ule mto, kisha akanitazama mimi, mdogo wake, niliyeukalia.

"Mchezo ulitoka Jumatatu, Dada, na aliyeuahirisha ni mimi," nilikiri. "Lakini tazama, naongoza mbili kwa moja."