Uji wa Mbegu ya Dukani

Mzee Kinyaa alitema uji chini, almanusura umpate mkewe mguuni, akalisukuma bakuli.

"Unanuka duka," alisema. "Mtu na akili zake anakunywaje uchafu huu?"

Jina la Kinyaa alipewa na majirani, wala hawakumwonea. Lakini kilichomchefua kuliko vyote mwaka huu ni mbegu ya mtama aliyoileta binti yake wa pekee, aliyesomea kilimo. Binti alisema ule mtama mpya hukomaa upesi. Mvua ikikatika, unakuta umeshazaa.

Mzee hata mfuko hakuutazama. Aliutupa jikoni.

"Mbegu ya marehemu baba imetulea sote, leo unaniletea takataka? Toka. Hukanyagi hapa mpaka siku takataka yako isimame shambani kwangu." Kisha akamgeukia mkewe. "Twanga hiyo, tuinywe iishe. Ya baba ndiyo ipandwe."

"Nimesikia," mkewe alijibu.

Msimu wa kupanda ulipofika, mgongo ulimlaza mzee kitandani, mkewe akapanda peke yake. Na kila asubuhi uji uliletwa, naye akaunywa kwa kukunja uso kama anayemeza dawa ya minyoo. Siku nyingine, kama leo, aliutema.

Alijikongoja hadi shambani. Mvua ilikuwa imekatika zamani. Kwa jirani mtama ulikuwa umekauka kabla ya kutoa masuke. Kwake masuke yalijaa mpaka yakainama. Mabua yalikuwa mafupi, ni kweli, lakini kwa jua lile nani asingedumaa?

"Mbona wangu umekufa," jirani alilalamika, "na mbegu ni ileile ya baba yako? Alinigawia kwa mkono wake."

"Mbegu inamjua mwenyewe, bwana," Kinyaa alijibu, akatema mate pembeni. Wasomi! Wanakuja na mifuko yao kuwafundisha watu kula.

Hata hivyo, akirudi nyumbani, moyo ulimuuma. Nyumba ilikuwa imepoa tangu binti aondoke. Lakini binti akirudi hivi hivi, mzee atauweka wapi uso wake? Amekwisha sema, na majirani walisikia.

Mkewe alikuwa uani, anasugua sufuria.

"We mama, hiyo takataka itaisha lini? Tumbo langu limechoka."

"Imeisha leo."

"Afadhali. Ungeimwaga tangu siku ya kwanza."

Mkewe aliifunika sufuria, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mbegu ya mwanao ilipakwa dawa ya wadudu, mzee. Mfuko umeandikwa kabisa, isiliwe. Ningekupikia sumu mimi? Nilitwanga ya marehemu baba yako, hiyo uliyokuwa unaitema." Akaelekeza kidevu nje. "Sasa mwanao yuko pale njiani. Akanyage, asikanyage?"