Beseni la Kashata

Siku hizi paka akikojoa nje ya beseni lake la mchanga, hapelekwi kwa daktari. Anayetibiwa ni mwenye paka, kwa sababu sheria inasema paka hulikataa beseni akiishi na mtu mwenye hasira. Sheria yenyewe imetungwa na watu ambao hawajawahi kufuga hata kuku.

Basi Kashata, paka wa Bi Saumu, alipokojoa kwenye sinki la jikoni, taa ya ukaguzi iliyofungwa kwenye beseni lake iliwaka nyekundu, na mshauri wa utulivu akatumwa kuja kubisha hodi.

"Vuta pumzi, mama," alisema, amejimwaga kwenye kochi kama yuko kwao.

"Pumzi gani! Mkojo ulikuwa na damu. Paka anaumwa, wewe mtoto, niitie daktari!"

"Umeisikia sauti yako? Hiyo ndiyo inayomuumiza. Daktari haji mpaka taa iwe ya kijani."

Saumu alitamani kumbamiza lile beseni kichwani. Akaimeza hasira, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kashata aliingia kwenye mchanga, akachuchumaa, akajikamua huku akilia. Hata tone halikutoka. Akajaribu tena, wapi. Mwishowe akajilaza humo humo, kimya. Saumu akamgusa tumbo, akalikuta gumu kama jiwe.

Taa ikawaka kijani.

"Hongera, mama," mshauri alisema akiinuka. "Paka katulia ndani ya beseni lake. Sasa daktari wa nini tena?"