Msababishi wa Subilaga

Jumanne, tarehe 9 Juni 2071. Asubuhi hiyo Tukuyu kulikuwa na ukungu mzito na manyunyu.

Dawa ya saratani ilikuwa bure, ila sheria ilitaka msababishi. Kwa kila dozi, mtu akiri kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa, achapwe viboko kumi na viwili, na mgonjwa atazame huku akihesabu kwa sauti. Subilaga alipougua, mumewe alikiri mara mbili, na sasa alikuwa kaburini.

Kwa dozi ya tatu alijitokeza baba mkwe wake, mzee Ambakisye. Miaka kumi na tano hawakuwahi kutazamana, kwa kuwa mila iliwakataza. Subilaga akisikia tu kikohozi chake njiani, hujificha migombani.

"Nilivuta sigara karibu yake," mzee alisema pale zahanati, mbele ya foleni ya wagonjwa.

Muuguzi akacheka. "Babu, ninyi hata kivuli kimoja hamkai! Ulimvutia sigara wapi?"

"Andika, binti."

Kiboko kikashuka. Shati likachanika, kisha ngozi. Subilaga akafumba macho, akimlilia Mungu.

"Asipotazama hakihesabiki!" mchapa viboko akafoka.

"Nitazame, mwanangu," mzee akasema, damu ikimchuruzika kiunoni. "Mungu anajua."

Subilaga akamtazama. Akahesabu hadi kumi na mbili, kisha akameza dawa.

"Bado dozi tatu," muuguzi akasema, hacheki tena. "Jumanne ijayo nani?"

Mzee, akiwa bado sakafuni, akainua mkono mbele ya foleni nzima. "Ni mimi. Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu, nitakuja."