Kituo cha Mwisho cha Matembezi

Papa Mbuyu aliinua kasia lake la kijani na kuuacha mtumbwi uteleze wenyewe mpaka penye mlango usiokuwa na ubao. Maji yalikuwa yamefika katikati ya fremu.

"Na hii ilikuwa nyumba ya nani, Papa?" aliuliza mgeni wake, dada wa Lubumbashi aliyekuja Kalemie kutembea siku mbili.

"Mwenyewe alihamia kule mulimani." Hivyo ndivyo alivyowajibu wageni wote tangu ziwa lilipopanda na kuimeza barabara nzima.

Alikuwa amechoka hoi. Asubuhi alimpandisha dada huyo kilimani akaone ziwa lote, kisha akamteremsha sokoni akala samaki wa ziwani, mikebuka ya kuchoma. Ilibaki hii nyumba tu, ambayo wageni huipenda kuliko yote. Wangepiga picha, wangesema pole, wangerudi hotelini. Naye angepanda tena mlima kwa miguu.

Dada aliinua simu, akachungulia ndani. Juu ya mstari wa matope, ukuta ulikuwa bado wa kijani, na msumari wa kutundikia saa ulikuwa bado mahali pake.

"Lakini mama yangu alinifundisha adabu," alisema akicheka. Akagonga fremu kwa kidole. "Hodi, wenye nyumba!"

"Karibu," Papa Mbuyu aliitika, mdomo ukiwa umemtangulia. "Karibu ndani."

Dada akautazama ukuta, kisha akalitazama kasia la kijani. Akateremsha simu.